Senti Kumi Iliyooshwa kwa Jivu

Mzee Elungat alikuwa fundi wa baiskeli pale Malaba, na alikusanya senti kumi za zamani, zile zenye tundu katikati. Alikosa ya mwaka mmoja tu. Mwaka wa 1999 bintiye, Akiteng, aliiona kwenye kompyuta ya ofisini kwake Nairobi, katika soko la mtandao ambako muuzaji na mnunuzi huandikana sifa, ikiuzwa na Mwingereza mmoja, akamnunulia babake.

Ilifika kwa posta ikiwa nyeusi tititi. Elungat akawaka, akaenda kibanda cha simu.

“Akiteng, nimeletewa uchafu! Mwandike huyo mtu vibaya hapo kwenye kompyuta, kila mnunuzi asome!”

Akiteng akaandika. Mwingereza akajibu kwa upole: irudishwe, naye atarudisha pesa.

Sasa niambie, mtu gani mwenye heshima hurudisha kitu cha wenyewe kikiwa kichafu? Elungat alikaa na jivu na ndimu mchana mzima, akaisugua mpaka ikang'aa, ndipo akaituma.

Wiki tatu baadaye Akiteng alimpigia simu dukani kwa jirani.

“Baba, amekataa. Anasema umeiharibu. Na wewe pia amekuandika vibaya, eti usiuziwe kitu tena.”

“Nimeiharibu vipi?”

“Umeiosha. Ule weusi wa miaka mingi ndio watu hulipia.”

Elungat hakuelewa. Alitazama vidole vyake, vyeusi kwa grisi ya miaka thelathini.

“Basi waambie,” akasema, “waje waninunue mimi.”