Pale Mdomo Aliponyamaza

Mtaani walimwita Mdomo, na wala hakununa, kwa kuwa mdomo ndio uliokuwa ukimlisha. Enzi za mabanda ya video yeye ndiye aliyezitafsiri filamu za kigeni. Aliketi nyumbani kwake na deki mbili na maiki, akaongea juu ya filamu mwanzo mpaka mwisho, na mkanda ukapelekwa bandani. Jambazi yeye, polisi yeye, bibi harusi yeye. Hata mbwa akibweka, alimsaidia. Kimya alikiogopa kama ukoma. Filamu ikitulia kidogo tu, watazamaji walipiga kelele, "Mdomo, umelala?" Kwa hiyo hata palipokuwa na upepo mtupu aliwatangazia, "Mabibi na mabwana, upepo huo unavuma!"

Mkewe alikuwa dobi. Alipiga pasi chumba cha pili, mlango wazi, na kutoka huko alizisikiliza filamu bila kuziona. Alikuwa na kipenzi chake mmoja, mtunzi wa muziki wa filamu ambaye jina lake lilimshinda kila mtu kulitamka, basi yeye akamwita fundi wangu. Mtaa mzima ulimjua fundi huyo kwa filamu moja ya vita, yenye matarumbeta ambayo kila mpita njia aliyapigia mluzi. Mke wa Mdomo hakuwa na habari nayo.

"Hapo alikuwa anawapigia watu," alisema. "Mimi nampenda akijipigia mwenyewe."

Na akijipigia mwenyewe, alimtambua popote. Kulikuwa na filamu ya kutisha, ya nyumba iliyo kando ya bwawa. Mwingine angeijaza mayowe. Fundi aliweka kinanda kimoja tu, kikigonga taratibu kama mtu anayepanda ngazi, kisha kikanyamaza kabla mlango haujafunguliwa. Kule chumba cha pili pasi ilibaki hewani. Kulikuwa na ya vichekesho, ya tarishi anayekimbizwa na bata bukini. Watu walivunjika mbavu, lakini mke wa Mdomo alishikilia kwamba zumari ile ilikuwa ikimwonea huruma tarishi wa watu. Na kulikuwa na ya wapanda farasi, ambayo bandani haikudumu, ambamo gitaa moja linalia peke yake wakati mtu anamzika farasi wake.

"Baba, nyamaza kidogo hapo," mkewe alikuwa akimwambia. "Mwache fundi apite."

"Nikinyamaza tutakula nini, mama?"

Mkewe alicheka, akarudi kwenye mashati yake, na Mdomo akaendelea kuongea.

Mapafu ndiyo yaliyomwondoa mkewe. Mabanda nayo yakafungwa, na Mdomo akabaki na rafu ya kanda na nyumba iliyotulia kupita kiasi. Mchana, jua likiwa kali na mtaa umelala, alisikia pasi ikitua juu ya kibati chake katika chumba cha pili. Alikwenda kuangalia. Alijua meza ni tupu, na bado alikwenda, kila mara. Sauti ile haikumtisha. Alichoogopa ni siku ambayo asingeisikia tena.

Mjukuu wake, binti mdogo aliyezaliwa baada ya msiba, ndiye aliyemuuliza.

"Babu, bibi alikuwa anaongeaje?"

"Ngoja nikuonyeshe," alisema Mdomo, akakohoa, akafungua kinywa. Akatoka bibi harusi wa filamu. Akajaribu tena, akatoka mama mkwe mkorofi. Mara ya tatu akatoka malkia. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Mdomo alikwenda chooni, akafunga mlango, akalia. Wanawake wa dunia nzima walikuwa kooni mwake, na wa kwake hakuwemo.

Binti yake, mama wa yule mtoto, ndiye aliyekumbuka. "Baba, ule mlango ulikuwa wazi siku zote. Na maiki ilikuwa wazi. Mahali popote uliponyamaza, mama atakuwemo."

Basi deki ikashushwa, ikafutwa vumbi, na wote watatu wakakaa mbele yake. Kwenye nyumba ya bwawa, kinanda kilipokoma, Mdomo alisikia sauti yake ikiropoka, "Usifungue, dada! Nakwambia usifungue!" Kwenye filamu ya tarishi alilia kama bata juu ya zumari yote. Kanda baada ya kanda ilikuwa hivyo hivyo. Fundi mwenyewe, Mdomo alimsikia kwa vipande, katikati ya maneno, na kwa vipande hivyo tu aliona kwamba zumari ilikuwa na huruma kweli, kama mkewe alivyosema. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Ukabaki mkanda wa wapanda farasi. Mtu alichimba kaburi, gitaa likaanza, na Mdomo wa mkandani akashikwa na kwikwi. Akabana pumzi. Akanyamaza.

Pasi ikatua juu ya kibati. Kisha, kwa mbali, mwanamke akaanza kuimba bila maneno, nyuma kidogo ya gitaa, akilifuata kama mtu anayelijua liendako. Binti yake akaziba kinywa. Mdomo alisogea mpaka paji la uso likagusa kioo. Mwanamke akapumua, akasema polepole, "Haya, fundi wangu," akaendelea kuimba, na wimbo ulikuwa ndiyo kwanza unapanda.

"Mabibi na mabwana!" ikanguruma sauti. "Farasi ndiyo amekufa hivyo! Farasi wa watu!"

Mdomo alirukia kitufe, akapunguza sauti. Mwanamke naye akapungua. Akaiongeza, na wote wawili wakarudi pamoja, yule bwana akipayuka, na chini yake uzi mwembamba wa wimbo ambao haukusikika umeishia wapi.

Mjukuu alimvuta shati.

"Babu," alisema, "mwambie huyo mtu anyamaze, tumsikie bibi."