Babu Alizikwa Wapi

Kila asubuhi, kabla hajaitikia salamu, karani wa timu ya Kenya pale Changamwe humuuliza mchezaji babu yake alizikwa wapi. Huuliza kwa upole, akifuta miwani kwa ncha ya tai, kama daktari amuulizaye mgonjwa anaumwa wapi. Vita vya Hitla vilipokwisha, timu ikijiandaa kucheza na Uganda, Mbeyu alimsindikiza kaka yake Ngowa, winga, na Ngowa akaulizwa vivyo hivyo. Babu alizikwa Tanga, alikotoka baba yao; mama yao ni Mrabai wa hapa Kenya.

"Basi wewe ni wa Tanganyika," karani akasema kwa huzuni kubwa. "Mtoto ni wa babake."

Ngowa akavua jezi ya majaribio, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Akaingia golikipa, ambaye babake pia alitoka Tanga. Karani akatabasamu.

"Lakini mamako si wa Ribe, hapa hapa Kenya? Damu ya mama haipotei, bwana. Chukua jezi."

Mbeyu, ambaye huona haya hata kuagiza chai, akajikuta ameuliza: "Samahani, bwana karani. Kwani mtoto afuata baba au afuata mama?"

"Mawinga ninao tele, mwanangu," karani akamjibu. "Golikipa ni huyu tu."