Kiliya Wangu Mbele ya Rafu ya Unga

Jambo hili lote limenigharimu faranga elfu ishirini na moja na mia tano, na bado sijalipata wala sijalikosa. Picha nne za pasipoti, elfu tano. Cheti cha daktari cha kusema mwili wangu unafaa kazi, elfu kumi, ingawa mwili huu umebeba magunia ya unga miaka kumi na mitatu bila cheti chochote. Fotokopi, elfu moja na mia tano. Pikipiki kwenda na kurudi mara mbili, elfu nne. Nilipohesabu tena nikakumbuka mayai mawili ya kuchemsha niliyokula njiani kwa wasiwasi: elfu moja. Wivu sikuutia katika hesabu, maana sijui unapimwa kwa nini.

Nauza unga wa mahindi katika soko la Kikula, hapa Likasi. Mahindi hutoka upande wa Kapolowe, nasagisha mtaani, napima kwa meka, ule mkebe ambao mama wa Likasi anauelewa kuliko kilo. Meka hujazwa mpaka kilele kisimame kama kichuguu, na ukishamwaga unga katika mfuko wa mnunuzi unaongeza konzi moja ya bure. Konzi hiyo ndiyo matabishi. Muuzaji asiyetoa matabishi afadhali akunje turubai akalale.

Mwaka huu mjini limefunguliwa duka kubwa, magazini kama tunavyosema, lenye milango ya kioo na vigari vya kusukuma. Walitafuta wanawake wa kupanga bidhaa na kuelekeza wateja, nusu siku, asubuhi sita kwa wiki. Mshahara mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Hayo ya mvua ndiyo yaliyonishika. Mvua ikikaza Kikula, wanunuzi hawatoki, na unga unanyonya unyevu mpaka unashikana kama udongo. Kuna wiki ambazo nyumbani kwangu tunakula mtaji, na mtaji hauna ladha.

Msimamizi wa duka, kijana mwenye shati lililopigwa pasi hata chini ya kwapa, alinitajia mshahara. Kwa mazoea nikasema, "Ongeza kidogo." Akasema pale hawapatani bei, si ya sukari wala ya watu. Basi nikasimama, nikaaga, nikaondoka polepole, kama mnunuzi anavyoondoka mezani akingoja kuitwa. Nilihesabu hatua sita. Hakuniita. Hatua ya saba ilikuwa mlangoni, nikageuka mwenyewe. Alikuwa ameshaandika jina langu: nije Jumamosi kwa majaribio, kisha nifikiri juma moja na kutoa jibu Jumatatu inayofuata.

Meza nilimwachia jirani yangu, naye anauza unga, mdogo wangu kwa miaka kama minane, ana sauti ya kwaya na mkono mwepesi.

"Enda tu, yaya," alisema, yaani dada mkubwa. "Minye nitachunga bintu yako sawa yangu."

"Njo ile minaogopa," nikamjibu. "Na kama kiliya yangu anapita, umwambie niko na mugonjwa."

Kiliya, kwetu, ni zaidi ya mnunuzi. Ni mtu aliyekuchagua. Huyu wangu ni mama mtu mzima, mwalimu aliyestaafu, na kwa miaka tisa ananunua kwangu meka nne kila Jumamosi. Anafika, anautukana unga. Una mchanga. Umesagwa na kipofu. Nataja bei, sikio lake la kushoto linaziba. Anaondoka mara mbili: mara ya kwanza anafika kwa muuza chumvi, mara ya pili anasimama kwa jirani yangu, anautia kidole unga wake, anausugua, ananitazama. Kisha anarudi kwangu na kununua. Kidole kile katika unga wa jirani kimeniuma kila Jumamosi kwa miaka tisa, na nadhani ndiyo sababu alikitia.

Dukani walinivika jile ya kijani, kizibao cha wafanyakazi, wakaniweka, kati ya mahali pote, mbele ya rafu ya unga. Pakiti zimefungwa kwa gundi. Hakuna kilele, hakuna konzi, na bei imeandikwa kwenye kikaratasi ambacho hata ukikikodolea macho hakitikisiki. Nilikuwa nimepanga safu ya tatu nilipomwona kiliya wangu anakuja na kigari.

Mtu anayeingia duka mara ya kwanza hutafuta, huuliza, hupotelea kwenye sabuni. Yeye alikata kona mbili bila kutazama juu, na mkono ukaenda moja kwa moja kwenye unga. Hakubonyeza, hakunusa. Akatia pakiti moja katika kigari, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kupokea ekaristi. Mimi nikapiga hesabu: pakiti ile ni karibu meka mbili, na kwa bei yake angepata kwangu meka mbili na nusu, na matabishi juu. Nikapiga tena. Ilikuwa vilevile. Mama huyu, ambaye kwangu amewahi kugombania faranga hamsini mpaka watu wakakusanyika, alikuwa anakwenda kulipa zaidi na hakukunja hata nyusi.

"Mama," nikasema, "leo haulalamike?"

Aligeuka. Aliiona jile kwanza, mimi baadaye.

"Aba! Na mugonjwa wako, amepona?"

Basi alikuwa amepita sokoni kwanza. Nikajifanya sikusikia, kila mtu ana haki ya sikio moja la kushoto.

"Unafanya nini huku, mama?"

"Minapita tu. Njo mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza, na haukuuliza unga iko wapi?"

"Niko na macho."

"Pa meza yangu, ile macho inaona muchanga. Huku haione bei?"

"Sasa huku nitabishana na nani?" Akakinyooshea kidole kikaratasi. "Na huyu?" Akacheka mpaka akashika kigari. "Usinune, mama wa unga. Hata weye umetoroka."

Alisukuma kigari mpaka kwa mtunza fedha, akalipa, na nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia binti yule, "Aksanti, mwanangu." Miaka tisa mimi ananiambia, "Umeniibia." Sikujua kwamba aksanti anayo. Nilidhani hana, kama wengine wasivyo na meno.

Saa saba nikavua jile, nikarudi Kikula. Jirani alinikabidhi pesa zangu. Nilizihesabu, nikazihesabu tena, zilikuwa kamili, na hilo likaniudhi zaidi. Mwizi ningejua la kumfanya.

"Kiliya yako alipita," akasema, akipangusa mkebe ambao haukuwa na vumbi. "Alikamata meka mbili."

"Kwangu?"

"Kwangu, yaya. Alisema anataka kuonja. Hakupunguzisha sana."

Meka mbili kwa jirani, pakiti moja dukani. Zile meka zangu nne zilikuwa zimegawanywa asubuhi moja, na kwa jirani hakupunguzisha sana! Angemtukana angalau kidogo.

Leo ni Jumamosi nyingine, na kesho kutwa ndiyo siku ya kutoa jibu. Jirani ameniambia asubuhi, na jana, na juzi: "Kamata ile kazi, yaya. Meza yako nitaichunga." Ananishauri kwa moyo wote, na nimeona ameshasogeza kigoda chake nusu hatua upande wangu. Nimekipima kwa macho, nikakipima kwa mguu. Nusu hatua kamili.

Kiliya naye amekuja. Ameutukana unga, amefika kwa muuza chumvi, ametia kidole kwa jirani, amerudi. Nimemjazia meka nne na konzi mbili badala ya moja, na sioni aibu kuliandika. Kisha nikamuuliza anaonaje, nikamate kazi au nibaki. Nilitaka aseme nibaki. Nilitaka hata aseme, "Minye nitagombana na nani?"

Alifikiri kidogo, akafunga mfuko.

"Kamata," akasema. "Ukiwa mule ndani, utaniambia siku yenye banapunguza bei."

Na akaondoka, mara moja tu, bila kugeuka.

Basi mambo yamesimama hapo. Nikikubali, nina mshahara hata mvua ikinyesha mwezi mzima, lakini kila Jumamosi mwanamke mwingine atakaa kwenye meza yangu na kutukanwa matusi yaliyokuwa yangu, na mimi nitakuwa mbele ya rafu nikimtazama kiliya wangu akinyamaza. Nikikataa, nitamlinda mtu ambaye tayari anajua njia ya kwenda dukani, na mvua zitanikuta na mtaji mdomoni. Wote wanaonishauri wana fungu lao humu. Wewe unayesoma hununui unga kwangu, wala huuzi kando yangu, kwa hiyo nakuuliza wewe: ungekuwa mimi, ungeivaa ile jile? Niambie kabla ya Jumatatu asubuhi, na unipe na sababu, maana nitaipima mara mbili.