Matawi ya Miwati Juu ya Bwawa la Baba

Jumapili, tarehe 12 Julai. Asubuhi sakitu, umande umeganda, nyasi za uani nyeupe kama zimenyunyiziwa unga. Jua limetoka saa nne.

Sisi tuliozaliwa wakati wa Mwingereza tulifuga samaki bila umeme. Nawaambia hivyo wajukuu wangu hapa Makambako, wenye tangi la kioo sebuleni linalotoa mapovu. Umeme ukikatika wanahangaika kama wao ndio wanaokosa pumzi. Lakini niwe mkweli, samaki wao wanaishi. Wa kwetu walikufa, na leo nitaandika kwa nini, ingawa sijui kama nitaandika vizuri. Shule yangu iliishia darasa la nne.

Baba alikuwa anabandua magome ya miwati, miti ambayo magome yake hutoa dawa kali ya kutengenezea ngozi, kwenye shamba la mzungu, upande wa Njombe. Kazi ile ilimharibu kifua. Mke wa yule mzungu alikuwa na samaki wekundu wa mapambo, mikia yao miwili ikipepea kama gauni la bibi harusi, lakini bwawa lake la saruji lilipasuka kila mara. Akampa baba samaki wanne awazalishe, mwenyewe akaenda kwao likizo. Akirudi akute wamezaana, baba angehamia bustanini, aachane na magome.

Basi tukachimba bwawa nyuma ya nyumba. Tulibeba udongo wa kichuguu, tukaukanyaga siku tatu, mama akiimba nyimbo za kanisani ili tusilegee. Baba alitia majani ya mtoni, samaki wakatagia humo mayai madogo kuliko ulezi. Majani hayo akayahamishia kwenye pipa chini ya upenu, maana samaki hula mayai yao wenyewe. Vitoto vilipoanguliwa vililishwa kiini cha yai kilichopondwa, na sisi watoto tukabaki kula ute. Vilipokua vikawa vyeusi. Mama akamtania, "Baba Tumaini, umefuga viluwiluwi."

Tumaini ni dada yangu, na bwawa alikabidhiwa yeye. Mwezi wa sita baridi ikashika, jioni moja baba akasema sakitu itaanguka. Nikawaonea samaki huruma. Miche ya kabichi tuliifunika kwa matawi, kwa nini wao wasifunikwe? Nikakusanya matawi ya miwati na magome mabichi, nikafunika bwawa lote, bila kumwambia mtu. Siku mbili yakanyesha manyunyu, matawi na magome mengi yakazama. Tulipofunua, maji yalikuwa mekundu kama chai ya rangi, na samaki wote wanne wanaelea.

Baba aliuliza nani ameweka miwati. Mimi nikatazama chini. Tumaini akasema, "Ni mimi, baba."

Hakumchapa. Alikaa ukingoni, akasema, "Baridi hii kwa hawa si kitu, mwanangu."

Mama wa kizungu aliporudi alionyeshwa vile vyeusi vya kwenye pipa, akasema hao si samaki wake. Simlaumu, hata mama yetu hakuamini. Bustani akapewa mtu mwingine. Mwezi wa tisa, jua lilipopata nguvu, vikaanza kugeuka kimoja kimoja, vyekundu kabisa. Baba akampelekea viwili ndani ya debe. Alishukuru, lakini nafasi ilishajaa. Baba akabandua magome miaka miwili zaidi, na usiku tulimsikia akikohoa.

Leo Tumaini amekuja kutoka Mdandu kunisalimia. Tulipokuwa tunaota moto nikamwambia ni mimi niliyeweka miwati. Akacheka.

"Nilijua, mdogo wangu. Vidole vyako vilikuwa vyeusi kwa magome wiki nzima."

Nikamuuliza kwa nini alinikingia. Akasema nilikuwa ndiyo kwanza nimepona homa, alidhani baba atanichapa.

"Na baba je, hakujua?"

"Mtu aliyebandua magome miaka yote ile? Baba alikuwa na macho."

Wajukuu wangu wakiharibu kitu wanakuja kusema palepale, bila hata kuinamisha kichwa, nami huwaona hawana adabu. Enzi zetu tulikuwa na adabu nyingi mno. Leo sina hakika ilitusaidia.

Jioni tumekula viazi, maharage, na mayai mawili ya kuchemsha. Viini vyote nimempa Tumaini, naye akavila.