Kufuata Lenzi hadi Mbololo

Niliondoka Nairobi kwa sababu ya chupa moja. Kazi yangu ni kupima usalama wa plastiki za lenzi zinazowekwa ndani ya jicho baada ya mtoto wa jicho kutolewa. Huziloweka katika chupa ya maji ya chumvi yenye joto ili zizeeke upesi. Mara hii lenzi zilikuwa zimeingia ukungu mweupe, na nyingine za shehena hiyohiyo zilikuwa tayari machoni mwa watu wa Taita.

Voi, asubuhi, jua tayari linachoma. Sista Mghoi, muuguzi wa macho, alinipokea mtaani Kaloleni akasema amewauliza wote waliopasuliwa na hakuna aliyelalamika. Nilitamani sana kumwamini.

Mbololo, mchana. Alinipeleka kwa Mama Wawuda, mjane ambaye jicho lake lingine lilikufa zamani. Alitupa chai, akasema anaona vizuri, huku akisuka kikapu cha mkonge. Chini, mistari myeusi na ya zambarau ilipishana sawasawa. Kuelekea juu, rangi zilikuwa zimechanganyika ovyo. Nikamuuliza tena, polepole, kama anazitofautisha rangi.

"Nilisimama kanisani nikashuhudia Mungu amenirudishia macho," alisema. "Nikatoa na mbuzi wa shukrani. Sasa nirudi niwaambie nini?"

Nilimwambia kuhusu lenzi za kwenye chupa yangu, na kwamba kosa ni la plastiki, si lake wala la Mungu. Sista akamweleza kwamba lenzi inaweza kutolewa, ila upasuaji wa pili ni wa hatari, na jicho ni hilo moja tu. Mama Wawuda aliendelea kusuka.

"Hiyo lenzi yako ya chupa, ilifunga ukungu kabisa?"

"Ilifunga, mama."

"Basi itolewe. Lakini wacha nimalize hiki kwanza."

Nilirudi Nairobi na uchungu wa bure, maana hata kumfariji sikuweza. Shehena ilizuiliwa. Wiki kadhaa baadaye Sista alinitumia kikapu kile pamoja na habari: Mama Wawuda alipasuliwa, na jicho halikuona tena.

Siku hizi, mtu akiniambia lenzi ni salama kwa kuwa hakuna aliyelalamika, namwonyesha kikapu hicho kilichoko kando ya chupa. Mistari inaanza vizuri, kisha inapotea. Ukingo wa juu ni mweusi mtupu. Aliusuka kwa rangi moja, asilazimike kuchagua.