Mtani Hatoi Pole

Semeni wa Mahulunga alikuwa shambani akibandua magome ya mdalasini alipoona machela ikishuka kutoka Kitonje. Kwa mwendo tu akajua si maiti. Maiti hubebwa taratibu, kwani safari yake imekwisha. Wanaume hawa wanne walikuwa wakikimbia kwenye mteremko ambao hata mbuzi huuteremka kwa kukalia makalio, na mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri.

"Nani huyo?" akapaza sauti.

"Havijawa!" akajibu Lukwele, aliyeshika mti wa mbele. "Kajifungua salama, lakini damu haikatiki. Shuka, mtani, shuka!"

Semeni akatupa kisu na magome, akashuka.

Watu wa Kitonje na watu wa Mahulunga ni watani tangu milima ya Uluguru ilipokuwa na upara. Mgonjwa wa Kitonje akibebwa kupelekwa zahanati bondeni, mtu wa Mahulunga hufuata ubavuni mwa machela akimtukana njia nzima. Hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Mgonjwa anayetukanwa hujibu, na anayejibu hajafa. Na kwa kazi hiyo, Mahulunga nzima haikuwa na ulimi kama wa Semeni. Jogoo wa jirani aliwahi kumwamsha usingizini. Alimsema asubuhi moja tu, jogoo akahamia msituni kuishi na kanga.

Nyuma ya machela alikuja Kobelo, mume wa Havijawa, kamshika mtoto mikono mbele kama mtu aliyebeba sufuria la moto. Semeni akampokonya, akamfunga mgongoni, akamfunika kwa kipande cha nailoni. Kisha akainama kwenye blanketi.

"We Havijawa! Ndiyo nini kutubebesha mifupa mvua yote hii? Mti wa machela una nyama kukuzidi!"

Havijawa akafumbua jicho moja. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu. "Nyama zangu ulizila wewe. Siku ya arusi yangu. Ulikula mpaka kuni."

Wabebaji wakacheka kwa pumzi fupi fupi. Mwendo ukaongezeka.

"Na huyu mtoto kichwa chake kama gimbi."

"Mahulunga... hamjawahi kuvuna gimbi la ukubwa huo."

Wakaendelea hivyo, huyu akirusha, yule akirudisha, wakapita migomba, wakapita mashamba ya tangawizi, wakaingia msituni ambako ukungu hukaa mchana kutwa kama mgeni asiyejua kuaga. Lakini majibu yakaanza kufupika. Maneno matano yakawa mawili. Mawili yakawa mguno. Semeni akatazama chini, akaona blanketi linavuja. Matone mekundu yalikuwa yakidondoka kwenye mawe, mvua ikiyafuta, yakidondoka tena.

Ulimi ukamponyoka.

"Pole, mwanangu," akasema.

Machela ikasimama.

"Umesema nini?" Lukwele akageuza shingo, macho yamemtoka.

Kule milimani mtani hatoi pole. Hata msibani huja akicheka, akajilaza ndani ya kaburi na kugoma kutoka mpaka wenye msiba wambembeleze. Neno la huruma kinywani mwa mtani ni sanda. Ukilisikia, ujue ameshakukatia tamaa, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kukukatia.

Havijawa naye alikuwa amesikia. "Kumbe nimekwisha," akanong'ona. Akamtafuta mumewe kwa macho. "Baba mtoto, dada yangu amlee. Yale magimbi ya bondeni uyachimbe, yasioze." Akafumba macho. "Nitueni hapa. Msijichoshe bure."

Kobelo akaangua kilio.

"Umemuua kwa mdomo wako!" Lukwele akafoka.

"Nani kawaambia msimame?" Semeni akafoka zaidi. "Kitonje nzima mnatembea kama konokono mwenye mimba! Twende!"

Wakaenda. Semeni akatukana kama hajawahi kutukana. Akatukana nyumba ya Havijawa, akatukana paa lake, akatukana chungu chake cha maharage. Akasema Kobelo analia kama fisi aliyenyimwa mfupa. Akamgusa Havijawa shavu; lilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Wakafika mtoni. Mto umefura, una rangi ya chai ya maziwa, na kuvuka ni juu ya gogo moja. Wabebaji wakainua machela mabegani, wakaanza kupita wawili mbele, wawili nyuma, nyayo zikipapasa. Sasa Semeni hakuweza hata kuuona uso wa Havijawa. Aliona blanketi tu, na maji yananguruma chini yake, na mtoto anahema mgongoni.

Mtoto. Semeni akakumbuka kwamba mtani ana haki nyingine. Mtani huteka. Akiingia kwako akashika kuku, kigoda au kanga, ni mali yake mpaka umkomboe.

"Havijawa!" akapiga ukelele uliozidi mto. "Sikiliza we mwanamke! Mwanao nimemteka!"

Maji yakanguruma.

"Nampeleka Mahulunga! Nitamwita Kisamvu! Nitamfundisha kwamba watu wa Kitonje hula magimbi na maganda yake! Mkipita njiani atawarushia majivu, na wewe kaburini huna la kumfanya!"

Lukwele akateleza. Mguu mmoja ulichomoka kwenye gogo, machela ikaegemea upande wa maji, Kobelo akapiga yowe. Wote wakaganda, hakuna aliyethubutu hata kumeza mate. Na katika kuganda huko, ndani ya blanketi ikatoka sauti nyembamba kama uzi.

"Kisamvu... ni mbwa wako."

"Ndiyo! Na ana adabu kuliko wewe!"

"Mrudishe mwanangu. Kizee we."

"Mkomboe!"

"Sina kitu."

"Una mdomo! Nitukane mpaka zahanati. Ukinyamaza tu, mtoto ni wangu."

Lukwele akarudisha mguu kwenye gogo, akavuka.

Kutoka pale mtoni Havijawa alimkomboa mwanawe kwa matusi. Yalitoka moja moja, yakikwaruza. Alisema meno ya Semeni yamekaa kama ng'ombe wanaogombana zizini. "Dogo hilo, ongeza," Semeni akasema. Havijawa akasema Semeni alizaliwa mwaka wa nzige, nzige wakamwona, wakaondoka. "Hilo angalau. Jingine!" Kila aliponyamaza, Semeni aliita, "Kisamvu, mwanangu, twende nyumbani," na sauti ile ikarudi, kila mara kutoka mbali zaidi.

Muuguzi wa zahanati hakuwa mtu wa milima ile. Akasimama mlangoni ameshika kiuno. "Mama, mgonjwa hali yake ndiyo hii, nawe unamtukana?"

"Mwanangu, usinikatize, niko kazini."

Wakamwingiza Havijawa, mlango ukafungwa. Semeni akaenda dirishani kuendelea. Muuguzi akafunga na dirisha. Basi akabaki barazani bila kazi. Wanaume wakakaa chini, matope mpaka kifuani, hakuna aliyemtazama mwenzake. Mtoto akalia, akalala, akaamka, akalia tena. Semeni akamtia kidole kinywani, akasikiliza ule mlango. Mwanamke aliyemfukuza jogoo kwa maneno sasa hakuwa na neno hata moja.

Mvua ikakatika. Kivuli cha mnazi wa pale uani kikatoka, kikatambaa, kikapanda ngazi.

"Semeni!" Sauti ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa na kisirani. "Leta mtoto wangu, kabla hajanuka kwapa lako!"

Lukwele akajifuta uso kwa mkono wa matope. "Mpelekee, mtani."

"Hajamaliza kumkomboa," Semeni akajibu, ila tayari alikuwa ameshika kitasa.

Tangu siku hiyo neno pole halijamtoka tena kwa mtu wa Kitonje. Mwaka juzi Lukwele alitumbukia kwenye shimo la choo alilokuwa akichimba, akavunjika mguu. Semeni alichungulia ukingoni, akamwambia kina kinatosha, sasa apande juu kuezeka. Lukwele akamjibu kwa maneno yasiyoandikika, na watu wakajua atapona.

Yule mtoto baba yake alimpa jina la Shomari. Ana meno yote sasa, na miguu isiyotulia. Lakini jioni, Semeni akisimama kilimani kumwita mbwa wake Kisamvu, huja wawili.