Aliyepita Bila Kusalimia

Kaka Salvatory alianza na uvuvi mtoni Kilombero, kisha akafua mashuka ya hospitali. Wagonjwa walimweleza mambo wasiyomwambia daktari, ndipo mwaka 1993 akapelekwa kusomea ushauri nasaha wa ukimwi. Tangu hapo, aliyeonekana akiongea naye pale Ifakara alidhaniwa ameathirika. Kwa hiyo sokoni alipita kimya, asimsalimie mtu.

Siku moja mimi, nisiyezoea kupaza sauti, nilimwita, "Shikamoo, kaka!" Akanipita.

Jioni nikamfuata kwake. Alikuwa anakula wali peke yake.

"Umechumbia juzi tu, Beatus," akasema. "Wakwe zako wakikuona na mimi, watakurudishia mahari."

Nikanawa mikono, nikakaa. Akainuka kufunga mlango unaotazama njia.

"Uache wazi," nikamwambia.